Nguo Hufia Wapi? Swali Linalokosekana Katika Mjadala wa Mitumba

Mwezi Oktoba 2025 ilianza kutumika sheria iliyorekebishwa ya Umoja wa Ulaya kuhusu taka, ambayo inawabana watengenezaji na waagizaji wa nguo katika nchi zote wanachama wagharamie ukusanyaji na uchambuzi wa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Tangu tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo nchi hizo zilikuwa tayari zimetakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na sasa zimepewa miezi 30, yaani hadi Aprili 2028, ziwe zimeweka utaratibu wa kutoza ada hiyo. Habari za namna hii zikifika Afrika Mashariki huzua mwitikio wa aina mbili. Wako wanaoshangilia kwamba Ulaya hatimaye imekubali kubeba mzigo wake na kwamba viwanda vyetu vitapumua, na wako wanaohofia kwamba marobota ya mitumba yatapungua na bei yake itapanda. Naona pande zote mbili zinaisoma sheria hii kwa miwani ya mjadala wa zamani, mjadala uliokwama kwenye swali la nani aliivaa nguo kabla yetu. Swali lenye uzito wa kimaadili ni jingine: nguo hiyo imefumwa kwa uzi gani, itavaliwa kwa muda gani, na ikishachakaa itaishia wapi. Tusipoanzia hapo, tutaendelea kupiga marufuku yasiyotusaidia na kuruhusu yanayotuumiza.

Swali hilo si geni kwetu. Huko Buganda, na kusini zaidi kwa Wahaya wa Bukoba, kitambaa cha gome la mti kilikuwa vazi la heshima muda mrefu kabla ya pamba kufika kwa wingi. Kwa Waganda gome la mti wa mutuba huchunwa majira ya mvua, shina lililobaki wazi likafungwa majani ya migomba lisinyauke, na mti ukaota gome jipya la kuchunwa tena. Gome lililochunwa hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, mpaka lilainike na kutanuka, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kinachonigusa mimi kuliko hata uzuri wa kitambaa chenyewe ni kwamba kilivaliwa kwenye sherehe na kilitumika pia kumsitiri mtu alipozikwa, kikaoza pamoja naye, na mti uliokitoa ukabaki umesimama shambani.

Pwani ilikwenda njia ya pamba. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata Kilwa vigae vilivyotobolewa kwa ajili ya kusokotea nyuzi, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alikuta vitambaa vya huko vikipelekwa hadi Misri. Hata hivyo anayetafuta zama safi katika historia ya mavazi yetu hatazipata. Baada ya Sultani Said bin Sultan kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilijaza Zanzibar merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa kilichofumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa kusini. Kitambaa hicho kikawa fedha ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, na misafara hiyo nayo ilijua kuuza watu. Wanawake watumwa wa Unguja walivaa kaniki, nyeusi na isiyo na pambo, na baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897 wengi wao waliivua wakajifunga kanga, ili kila anayewaona ajue kwamba wamekuwa waungwana. Vazi kwetu limekuwa kauli ya utu tangu zamani, na hiyo ndiyo sababu hoja ya heshima ina nguvu kubwa katika mjadala wa leo.

Pamba yenyewe pia ina damu. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba la umma walilolazimishwa na Wajerumani kulilima, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa vita vya Majimaji. Nayataja haya mapema kwa sababu nitaitetea pamba hapa chini, na sitaki msomaji adhani naitetea kwa kusahau.

Lakini tazama namna jamii ya pwani ilivyojifunza kuishi na kitambaa hicho. Doti ya kanga huanza maisha ikiwa na dondo, inavaliwa kwenda kwenye shughuli. Ikishafuliwa mara kadhaa inakuwa ya kushindia nyumbani, ikilainika inakuwa mbeleko, ikilegea zaidi inakuwa ya kujifunika usiku, kisha inakatwa nepi. Mabaki yake huwa kata ya kubebea ndoo kichwani, halafu tambara la kushikia sufuria, na mwisho la kupigia deki. Linalosalia hutupwa shambani au kwenye shimo la taka, na masika yakipita mara moja au mbili halionekani tena. Hakuna waraka wa serikali uliowafundisha akina mama utaratibu huo. Ulitokana na uhaba, ni kweli, lakini ulitokana pia na imani kwamba kutupa kitu kinachofaa ni kosa. Kwa Waislamu wa mwambao imani hiyo ina msingi wa wazi: aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf inawataka wanadamu wajipambe waendapo kwenye ibada, na aya hiyo hiyo inakataza israfu. Pambo na kiasi vimewekwa mahali pamoja.

Utaratibu ule wote ulisimama juu ya sharti moja ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka, nalo ni kwamba kitambaa kinaoza. Sharti hilo limevunjika. Mwaka 1941 wanakemia wawili wa Calico Printers' Association, muungano wa wapiga chapa vitambaa wa Manchester, walisajili hataza ya uzi unaotokana na mafuta ya petroli, uzi tunaouita poliesta, ambao wazee wetu waliufahamu kwenye suruali za tetroni. Mwaka 2023 poliesta peke yake ilikuwa takriban 57% ya nyuzi zote zilizozalishwa duniani, na pamba kama 20%. Uzi huo umeingia hata kwenye kanga. Katika mtaa wa Biashara, Mombasa, nimemwona muuzaji akichomoa uzi pindoni na kuuwasha kwa kiberiti ili kumwondolea mteja shaka. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi. Wa poliesta hujikunja, ukayeyuka, ukaacha tone jeusi gumu lisilopondeka kwa vidole. Tone hilo ndilo linalobaki dampo la Dandora, Nairobi, linapoungua, na vipande vya uzi wa aina hiyo ndivyo vinavyopita kwenye mifereji baada ya kila dobi. Kanga ya namna hiyo ikitupwa shambani, jembe litaikuta miaka mingi baadaye.

Kwa mtazamo huu tuirudie historia ya karibuni. Baada ya uhuru, serikali zetu zilijenga viwanda vya nguo kwa matumaini makubwa: Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex Mwanza, Rivatex Eldoret, Kicomi Kisumu. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, vingi vilidhoofika au vikafa, na mitumba, iliyokuwa ikiitwa "kafa Ulaya", ikafurika. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka 3. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kufungiwa mlango wa AGOA, sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, haikurudi, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo ya kodi. Mwezi Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza akiwa Mbale kwamba Uganda inapiga marufuku mitumba, akisema ni nguo za wazungu waliokufa.

Nianze na hoja hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema kwamba kuvaa nguo ya mtu mwingine, tena aliyekufa, ni kujidhalilisha. Lakini katika familia nyingi za Afrika Mashariki, Waislamu kwa Wakristo, baada ya matanga au arobaini nguo za marehemu hugawiwa ndugu na majirani, na mpwa aliyepewa koti la mjomba wake hulivaa kwa fahari. Mdogo huvaa iliyombana mkubwa, na shangazi akija kutoka mjini huja na furushi la nguo za watoto wake. Maadili yetu hayajawahi kuiona nguo iliyovaliwa kuwa najisi. Yamemwona mtu anayempa mwenzake kitu kisichofaa, huku akijidai anampa zawadi, kuwa mkosefu wa adabu. Udhalilishaji katika biashara ya mitumba uko hapo hasa: katika shati lililochanika kwapa na fulana ya tangazo iliyovaliwa siku moja, vikafungwa kwenye robota la kilo 45 na kuuzwa kwa mama wa soko la Gikomba ambaye hawezi kuona kilicho ndani mpaka akate mikanda. Zile nzuri, ambazo wafanyabiashara wa Nairobi huziita kamera, hununuliwa asubuhi na mapema. Zinazofuata hushuka bei kutwa nzima, na zilizokosa mnunuzi huishia kwenye rundo la fagia. Mama huyo amelipia taka kwa fedha taslimu, na ni juu yake tena kutafuta pa kuitupa.

Hoja ya viwanda na ajira za ndani ni nzito zaidi na inastahili heshima. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga, Mwanza na mikoa jirani, na sehemu kubwa ya pamba iliyochambuliwa husafirishwa nje ikiwa nyuzi tupu, kisha tunanunua nguo kutoka nje. Hakuna mzalendo anayeweza kulitazama jambo hilo na kutulia. Tatizo ni dhana kwamba mitumba ikiondoka nafasi yake itachukuliwa na kitambaa cha Mwanza. Atembelee Kariakoo mwenye dhana hiyo. Nafasi hiyo inasubiriwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka Guangzhou, China, nyingi zikiwa za poliesta nyembamba isiyovumilia kufuliwa mara nyingi. Kwa upande wa mazingira tutakuwa tumebadilisha nguo iliyokwisha kuishi nusu ya maisha yake kwa nguo itakayoishi muda mfupi kuliko nusu hiyo.

Upande wa pili, watetezi wa mitumba husema kwamba kuvaa tena ni kuhifadhi mazingira, kwa sababu kila nguo inayovaliwa mara ya pili inaokoa maji, nishati na dawa ambazo zingetumika kutengeneza mpya. Nakubaliana nao kwa nguo inayovaliwa kweli. Ukweli wa hoja yao unategemea kiasi kinachovaliwa, na hapo ndipo palipo na ugomvi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Changing Markets ilidai kwamba zaidi ya theluthi moja ya nguo za mitumba zinazoingia Kenya ni takataka za plastiki. Muungano wa wafanyabiashara wa mitumba nchini humo uliyakana madai hayo, ukisema kinachotupwa ni kidogo mno. Mimi sioni haja ya kungoja mshindi wa ugomvi huo ili tutende, kwa sababu hata kama wafanyabiashara wako karibu zaidi na ukweli, hoja yao inapima siku ambayo robota linafunguliwa. Suruali ya poliesta iliyonunuliwa, ikavaliwa miaka 2 na ikachakaa, nayo itakuja kutupwa, na itatupwa katika miji isiyo na namna ya kuihifadhi wala kuirejeleza. Kuvaa tena kumeahirisha mazishi ya nguo na kuyahamishia kwetu.

Udhaifu wa sera zetu unaonekana vizuri zaidi mahali ambapo wachambuzi wachache huchungulia, nao ni kitabu cha ushuru wa forodha. Nguo mpya hupangwa humo kwa aina ya uzi: fulana ya pamba ina namba yake, 6109.10, na fulana ya nyuzi nyingine iko chini ya 6109.90. Nguo iliyovaliwa hupoteza utambulisho huo. Pamba, poliesta, sufu, koti la baridi na gauni la mtoto vyote huwekwa kwenye namba moja, 6309, na ushuru wa pamoja wa Jumuiya huvitoza kwa thamani au kwa kilo. Robota la mashuka ya pamba, yatakayovaliwa, yakatandikwa, yakawa matambara na hatimaye udongo, hulipa sawasawa na robota la nguo za mazoezi ambazo haziozi. Ofisa wa forodha haulizwi kuhusu uzi, kwa hiyo hana sababu ya kuutazama. Na si kweli kwamba haiwezekani kuchagua, maana Tanzania, kupitia shirika lake la viwango, TBS, imekwisha kupiga marufuku nguo za ndani za mitumba. Tulichagua kwa hofu ya afya, na tunaweza kuchagua kwa hofu ya ardhi na maji.

Hapa ndipo ninapoona mkanganyiko mkubwa wa kimaadili katika ukanda wetu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Msafiri anayeshuka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hutakiwa kuacha mfuko wake wa plastiki, kisha anapita na begi la nguo ambazo zimetokana na mafuta yale yale ya petroli. Hatukusita kuonekana wakali mbele ya dunia kwa sababu ya mfuko wa sokoni, na tulifanya vema. Kuhusu vazi tumebaki tukibishana juu ya nani aliyekufa Ulaya.

Wapo watakaoniambia kwamba poliesta ni mkombozi wa maskini. Haichujuki upesi, haihitaji pasi, na sare ya shule ya tetroni hupokezwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi wa tatu. Hoja hii naipokea, na haipingani na kipimo ninachokipendekeza, kwa kuwa kipimo hicho kina sehemu mbili: nguo hudumu kwa muda gani, na mwisho wake ni nini. Sare inayovaliwa miaka 6 na watoto 3 imejilipia kwa muda wake hata kama haiozi. Blauzi ya poliesta iliyolegea mshono baada ya kufuliwa mara tano haijajilipia kwa lolote. Wapo pia watakaonikumbusha kwamba pamba hunywa maji na dawa kwa wingi, na kwamba kilimo chake kiliikausha bahari ya Aral. Ni kweli kwa mashamba ya umwagiliaji ya Asia ya Kati. Pamba ya Usukuma hutegemea mvua, na huko Meatu imelimwa kwa njia za asili bila dawa za viwandani tangu miaka ya 1990. Dawa bado ni tatizo katika maeneo mengine ya kilimo hicho, na bei anayolipwa mkulima bado ni aibu, lakini hayo ni makosa ambayo sera inaweza kuyarekebisha. Hakuna sera itakayoifanya poliesta ioze.

Sasa turudi kwenye sheria ya Ulaya. Inataka nguo zilizokusanywa zichambuliwe kabla ya kusafirishwa, na hilo ni jambo jema. Lakini kukusanya kwa lazima kutaongeza wingi wa nguo zinazokusanywa, na nyongeza hiyo itatokana na zile ambazo zamani zilitupwa jaani kwa sababu ya uduni wake. Wanaotegemea mzigo kupungua wanajidanganya, na wanaohofia kupungua kwake wangefaa kuhofia ubora wake. Tena shehena nyingi hazitoki Ulaya moja kwa moja. Hupitia kwenye maghala ya uchambuzi ya Falme za Kiarabu na Pakistan, ambako kilicho bora hutengwa na kingine kufungwa upya, na sehemu nyingine siku hizi hutoka China, ambayo haifungwi na sheria hiyo hata kidogo. Jambo linalonisumbua zaidi ni ada. Mzalishaji atalipa kwa ajili ya ukusanyaji na uchambuzi unaofanyika Ulaya, na nguo itakapovuka bahari kwenda kumalizia maisha yake Dar es Salaam au Kampala, ada hiyo haitaifuata. Aliyepata faida atakuwa amelipia nusu ya kwanza ya safari, na manispaa isiyo na magari ya taka itaachiwa nusu iliyobaki.

Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi ya kufanya kabla ya Aprili 2028, na sehemu ya kazi hiyo haihitaji ruhusa ya Brussels wala Washington. Inaweza kuligawa lile fungu la 6309 katika ushuru wake wa pamoja, ili robota la nyuzi za asili litozwe kidogo na la nyuzi za plastiki litozwe zaidi, na ofisa wa bandari akadai orodha ya yaliyomo kabla mikanda haijakatwa. Inaweza kutoza kwa kipimo hicho hicho nguo mpya za poliesta nyembamba, jambo ambalo lingepunguza pia nguvu ya malalamiko kwamba tunawabagua wauza mitumba wa Marekani. Serikali zinazonunua sare za polisi, mashuka ya hospitali na magwanda ya wafungwa zinaweza kuandika kwenye zabuni kwamba kitambaa kiwe cha pamba ya eneo hili, na hapo kiwanda cha Mwanza kitapata mteja wa uhakika kuliko kitakavyompata kwa marufuku yoyote. Mezani kwa Ulaya dai letu liwe moja: kila robota linalofungwa huko lije na sehemu yake ya ada, ilipwe kwa halmashauri ya mji litakakofunguliwa.